Grisi Aliyopaka Baba

Jumamosi, jioni

Grisi kwenye injini ya kinu cha Baba ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama nta. Baba alipofunga biashara ya kusaga unga hapa Waithaka, aliifungua injini, akapaka kila kipande grisi na kukifunga kwa magazeti. Kisha akapata kiharusi, na tangu hapo hakuwa amesema neno. Ndugu yangu Njoroge anataka tuiuze kama vyuma kuukuu. Mimi nataka isage tena.

Leo nilimkalisha Baba kivulini, nikaanza kuosha vipande kwa mafuta ya taa. Gia moja ilikuwa na doa la kahawia lililokataa kutoka. Nikadhani ni kutu, nikachukua msasa.

“Wacha hiyo!”

Sauti ilikuwa nzito, ya kukwama, lakini ya Baba.

“Si kutu. Loweka.”

Nikailoweka. Baadaye doa likatoka kwa kitambaa tu, chuma kikang'aa.

Mama alikuja mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi. “Ni nani ameongea?”

Nilimwonyesha Baba kwa kidole. Ugali uliungua, tukaula hivyo hivyo.

Sijui kama injini itawaka. Naogopa haitawaka. Lakini leo Baba amenigombeza.