Kwa Sylvestre Murhula, Aliyeimba "Rolande"

Mwaka mmoja umetimia, Sylvestre wetu, Papa Chloé, tangu ulipotutoka hapa Brussels, asubuhi ya baridi, kabla hata hatujamaliza kukubaliana ni nani abaki nawe hospitalini siku hiyo. Tunakuandikia leo mbele ya watu, kwa kuwa wengi watakaosoma walikupenda, na kwa kuwa tuna ombi kwao.

Katika nyumba ya wazee kule Auderghem uliwaosha watu kwa miaka mingi. Uliyapima maji kwa kiwiko, na ulimweleza kila mzee jambo unalotaka kufanya kabla hujalifanya: "Sasa mguu wa kushoto, Madame. Sasa tunapumzika kidogo." Nyumbani uliendelea vivyo hivyo bila kujijua. "Sasa ninafunga dirisha, Mama Chloé." Watoto walikucheka. Siku hizi madirisha yetu yanafungwa bila tangazo, na hakuna anayecheka.

Mimi mkeo nilipoanza kujifunza kusoma na kuandika kule Molenbeek, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, ulinisubiri nje ya darasa hata siku za mvua. Hukuniuliza hata mara moja nimejifunza nini. Ulinipa tu gazeti la bure la metro, ukatazama upande mwingine, ukangoja nimalize mstari. Ndiyo maana familia imenikabidhi mimi kazi ya kuandika maneno haya.

Lakini wengine hawakukujua kwa kazi wala kwa wema wako. Walikujua kwa santuri moja ndogo ya mwaka 1986. Kuhusu santuri hiyo tunataka ukweli usemwe, kwa upole, na wewe ukiwa shahidi wetu.

Mwaka huo ulikuwa kijana mgeni katika mji huu, mpiga gitaa la besi. Mdogo wako Rolande, msichana wa shule, alikuwa amefariki Bukavu, nawe hukuweza kwenda kumzika. Katika ukoo wenu, mama anapomzika mtoto humtungia wimbo. Wimbo huo ni wa mtoto huyo peke yake. Hauimbiwi mwingine, wala hauimbwi mahali pa furaha. Mama yako, Mama Nsimire, alikubali sauti yake inaswe kwenye kaseti ili nawe ulie pamoja na wenzako. Kaseti ikafika. Ukaisikiliza chumbani mwako hadi ukaujua wimbo wote kwa moyo.

Siku chache baadaye uliitwa kupiga besi katika studio ya Mbelgiji mmoja aitwaye Florent, karibu na uwanja wa Flagey. Mlikwenda kurekodi wimbo wa mtu mwingine kabisa. Fundi alikuomba uimbe chochote, ili apime maikrofoni. Wewe ulikuwa na wimbo mmoja tu mdomoni wakati huo:

"Rolande, lamuka, maji yako imepata moto.
Rolande, lamuka, benzako banakungoja ku mulango."

Florent alitoka mbio katika chumba chake cha vioo.

"Hiyo ni nini?"

"Ni wimbo wa nyumbani."

"Rudia. Rudia tangu mwanzo."

Ulirudia. Akauongezea mashine ya ngoma na kinanda cha umeme, akaukimbiza mwendo, akaleta wasichana wawili wa kuitikia jina. Kilio cha mama yako kikawa wimbo wa kucheza. Nawe ulikubali. Watu wamelisemea jambo hilo mengi, kwa hiyo tunaandika hapa maneno yako mwenyewe, kama ulivyokuwa ukituambia: "Nilifikiri jina yake itaimbwa kila fasi. Mutoto amekufa, batu habamujue. Sasa muji muzima utamuita."

Na mji mzima ulimwita. Majira ya joto ya mwaka huo jina la Rolande lilitoka katika mikahawa, katika magari yenye madirisha wazi, katika bembea za sherehe za mitaani. Watoto wa Kibelgiji walirukaruka wakiimba "lamuka" bila kujua kwamba wanamwamsha marehemu. Ulitembea Flagey ukilisikia jina la mdogo wako likitoka kila upande, na kwa muda mfupi, ulisema, ulikuwa mwenye furaha kuliko wakati wowote tangu ufike Ulaya.

Kisha walikuita kwenye televisheni. Walikuvika koti jeupe lenye mabega mapana, wakakupa gitaa ambalo halikuunganishwa na chochote. Mtangazaji alikuuliza kama Rolande ni mchumba wako. Taa zilikuwa zinawaka, watu wanapiga makofi, nawe ukatabasamu. Ulituambia kwamba magonjwa yako yote hayakukuuma kama tabasamu hilo.

Wakongo wenzetu walikupa jina, tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa. Hata juzi juzi, sokoni, ulikuwa ukiitwa kwa mbali:

"Eh, Tonton Rolande! Mchumba anaendelea aje?"

"Alisha kuolewa," ulijibu, ukaendelea kuchagua ndizi zako.

Nao walicheka, nawe ulicheka. Hawakujua, na wewe hukutaka wajue.

Ulidhani wimbo huo utabaki huku Ulaya. Hilo ndilo kosa lililokuandama. Kabla mwaka haujaisha, mwanafunzi mmoja aliyerudi likizo aliibeba santuri hadi Bukavu, na ikapigwa kwenye harusi ambamo mama yako alikuwa ameketi pamoja na wamama wa parokia. Alisikia maneno yake mwenyewe. Aliona bibi harusi akiyacheza, na vijana wakiyapigia miluzi. Akasimama, akafunga kitenge chake, akatoka bila kuaga. Ujumbe wake ulikufikia kwa kinywa cha shangazi yako: "Mumuambie Sylvestre, mutoto wangu haiko wa kucheza."

Tangu siku hiyo hukuimba tena. Hukuimba kanisani, wala bafuni, wala kwa watoto wetu walipokuwa wachanga. Ulimpigia mama yako simu kila Jumapili, mkaongea juu ya dawa zake, mvua na jirani mkorofi. Mlipendana, tulisikia katika sauti zenu. Ila juu ya wimbo hamkusema neno hata moja, na sasa hamtasema.

Ulipofariki tulimpigia. Alilia kama mama yeyote. Lakini Constant, mdogo wako, alipomwomba akutungie wimbo wako, alikataa.

"Sitaimba. Ule wa kwanza mulipatia Bazungu, bakacheza."

Mwaka mzima tumevaa nguo nyeusi tukingoja abadili moyo. Siku ya kuondoa matanga ilipokaribia, tuliketi sebuleni kushauriana, na kikao hakikuwa chepesi.

"Tutavua hizi nguo namna gani," alisema Constant, "kama mama hajaaga mutoto wake? Hii haiko matanga. Ni kubadilisha nguo tu."

Binti yako Chloé alijibu kwamba kama bibi yake hataki kuimba, basi ipigwe santuri.

"Bon, alors tulete na DJ," alisema Constant, "na mataa ya rangi, na lile koti nyeupe."

"Tonton, usinichekee. Ile disque njo sauti ya papa. Haiko ingine. Papa hakuniimbia hata siku moja. Koko iko na wimbo yake, mimi niko na nini?"

Alikuwa amesema kweli: koko wake, yaani bibi yake, ana wimbo. Tunamwona jikoni na vifaa vyake masikioni, midomo ikimtikisika, na tunajua anasikiliza nini. Hatuwezi kumkataza mtoto sauti ya baba yake. Wala hatuwezi kumwambia mama aliyefiwa na watoto wawili kwamba kilio chake sasa ni mali ya kila mtu.

Mwishoni nilimpigia mama yako mimi. Sikumwomba chochote, nilimuuliza tu kama ameamka vizuri. Akasema:

"Wimbo ya Sylvestre nilisha kutunga, Pétronille. Tangu ile siku mulinipigia simu. Ninaimbaka asubuhi, nikifagia."

Nikamwambia: basi, mama, Jumamosi utuimbie, tutaweka simu juu ya meza, watu wote wasikie.

"Hapana."

"Ni simu tu, mama. Hakuna mutu atarekodi."

"Na ile ya kwanza mulisema ni kaseti tu."

Chloé, aliyekuwa akisikiliza kando yangu, alichukua simu mkononi mwangu.

"Koko, sasa mimi nitasikia namna gani?"

"Kuya."

"Kuya wapi?"

"Kuya huku. Ukae hapa karibu yangu, nikuimbie ku masikio. Hapana ku mashini."

Chloé amezaliwa hapa, hajawahi kukanyaga Bukavu. Alitutazama. Sote tunajua jinsi njia za kwenda kule zilivyofungwa na vita leo, na bibi yake anajua kuliko sisi, maana milio ya risasi anaisikia yeye.

"Njia ikifunguka, koko, nitakuya."

"Mimi niko muzee. Njia ifanye haraka."

Ndivyo ilivyo, Sylvestre. Jumamosi, baada ya misa, tutakutana katika ukumbi wa parokia, Auderghem. Saa ambayo mama yako, kama alivyotuahidi baadaye, ataketi uani kwake na wamama wenzake na kukuimbia, sisi tutakaa kimya, simu zote zikiwa zimezimwa. Kisha tutavua nguo nyeusi na kula. Tunawaomba wote watakaokuja wasilete ile santuri, na wasiipige hata kwa nia njema. Chloé amekubali kwa siku hiyo moja, na hatutamdai zaidi ya hapo.

Hatujui kama tumeamua vyema. Constant bado anasema kwamba matanga yanayoondolewa kwa wimbo usiosikika hayajaondolewa. Labda anasema kweli. Lakini safari hii tumeona afadhali kukosa wimbo kuliko kuuchukua kabla ya kupewa.

Kwa hiyo hatutajua ni maneno gani mama yako amekuchagulia. Hatutajua kama amekusamehe ndani yake, au kama hapakuwa tena na kitu cha kusamehe. Tukifika Bukavu na kumkuta, atatuambia. Tusipomkuta, wimbo utabaki kati yenu wawili.

Tunaokukumbuka: mama yako Nsimire, Bukavu; mkeo Pétronille; watoto wako Chloé na Hénock; mdogo wako Constant na mkewe Yolande; wafanyakazi wenzako na wazee wako wa Auderghem; na ukoo wote wa Murhula, hapa na nyumbani.

Maadamu tuko hai, hutasahaulika kwetu.