Jina la Mutua kwenye hati ya lori

Jumatatu, 7 Machi 1983
Kazini kama kawaida. Nimeandika hati za safari za malori sita kabla ya saa nne. Mchana nikapita kwa kinyozi, hapa mtaani Baba Dogo. Akauliza siku ya lori la vitambaa. Nikamwambia Alhamisi, saa tatu asubuhi, njia ya Nakuru. Hakuandika. Haandiki kamwe.

Jumanne, 8 Machi
Wanaosimamisha lori njiani na kuliiba siwajui. Wanaopakua siwajui, wala wanaouza. Wao pia hawajuani. Mimi namjua kinyozi peke yake, naye anamjua mmoja aliye juu yake. Akishikwa mtu, uzi unakatikia hapo.

Niliingiaje? Mwaka jana cherehani ya mke wangu, Mumbua, iliibwa. Nikamlalamikia kinyozi. Siku ya tatu tukaikuta mlangoni, nzima. Nilimshukuru mpaka nikaona haya. Wiki iliyofuata akaniomba jambo dogo tu. Mjinga mimi.

Jumatano, 9 Machi
Dereva wa kesho anaumwa. Msimamizi amempa lori Mutua, kaka yake Mumbua. Jina lake nimeliandika mimi mwenyewe.

Nikakimbia kwa kinyozi. Nikamwomba azuie. Aliendelea kunoa wembe. "Mimi napeleka neno, mzee. Sina njia ya kulirudisha."

Nikamwendea Mutua. Nikamwambia aseme ni mgonjwa. Akacheka. Ni safari yake ya kwanza ya mbali, ameingoja miaka miwili. Ningeweza kumwambia ukweli. Sikumwambia. Niliogopa jela, nikawaogopa na wao. Nikasema tu, "Ukisimamishwa, toa funguo." Akaacha kucheka.

Alhamisi, 10 Machi
Walimsimamisha kabla ya saa nne. Lori limepatikana tupu. Mutua yuko hospitali, walimpiga nondo kichwani. Mumbua amelia mpaka sauti imemkauka. Nilimshika mabega. Najichukia.

Ijumaa, 11 Machi
Nimepita kwa kinyozi. Kanisalimu vilevile, kama siku zote.

Jumamosi, 12 Machi
Nimekwenda hospitali. Jicho la kushoto la Mutua limekwenda. Alimtuma Mumbua maji ya kunywa, tukabaki wawili.

"Nilitoa funguo, kama ulivyosema. Wakanipiga kwa sababu niliwaona nyuso."

Akaendelea, "Polisi waliniuliza nani aliijua safari. Nikasema sijui. Ni kwa ajili ya dada yangu. Usije tena hapa, shemeji."

Nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 13 Machi
Mumbua ameenda hospitali peke yake, amembebea uji. Nimemdanganya kwamba nina homa. Majirani wanatoka kanisani, wananiuliza hali ya Mutua. Nawajibu anaendelea vizuri. Wanasema wanamwombea. Nasema asante. Jua kali. Nimekaa mlangoni tu.