Samaki Anayeuma kwa Hasira

Matete,
11 Machi 2024

Kwa Baba mpendwa,

Mulembe, Baba. Huku tu wazima, isipokuwa paa linavuja upande wa jikoni na jino langu la nyuma limeanza tena. Natumaini kifua chako kimetulia. Ningekuja mwenyewe badala ya kuandika, lakini siku za kuwaona wafungwa ni Jumamosi na Jumapili, na hizo ndizo siku wageni wanakujanga kuvua. Nikiziacha, bwawa litakuwa la Titus.

Huyo Titus ndiye sababu ya barua hii. Jumamosi nilimpeleka Daktari Kipkemboi wa Eldoret majini kwa mtumbwi wako. Mvua imefanya maji yawe kama chai ya maziwa. Wale samaki wetu wa besi, ambao Januari walikuwa wanagombania chambo, sasa wamefunga midomo. Tulirusha ndoano asubuhi nzima bila kitu. Tulipokaribia matete, Titus alitoka na wenzake, wamebeba nyavu zao za mbu.

"Bwawa ni la serikali!" alipiga kelele. "Baba yako alimkata ndugu yangu mkono kwa ajili ya samaki, sasa yeye analala kwa simiti ya jela. Wewe unataka nini?"

Waliushika mtumbwi wakaupindua. Daktari alipokuwa anapanda ukingoni, Titus alimpiga teke la mdomo. Meno yalibaki kwenye tope. Mimi walinishika nywele wakanizamisha, wakanitoa, wakanizamisha tena, wanacheka kama watu wanaofua blanketi.

Lakini daktari ameapa kurudi. "Mimi ni daktari wa meno," aliniambia huku anatema damu. "Haya nitayaweka mengine. Ila nikirudi nataka samaki."

Sanduku lako la midoli ya kuvulia, vile vyambo vya bandia, nimelifungua. Kuna ya mpira, ya plastiki, ya bati, na hukuwahi kunifundisha upi ni wa maji gani. Niambie, Baba. Wageni wasipopata samaki hawatarudi, na wasiporudi nitabaki peke yangu pale na Titus.

Ni mimi binti yako,
Jescah

*

Gerezani, Kakamega,
22 Machi 2024

Kwa mama yangu Jescah,

Salamu katika jina la Bwana. Kifua ni kile kile, usiku kinakohoa, mchana kinapumzika. Jino hilo ling'olewe. Barua yako ilifika imefunguliwa kama zote. Askari aliyeisoma aliniuliza kama "midoli" ni lugha ya siri. Nilimweleza habari za besi mpaka akachoka, akanipa barua yangu.

Sasa sikiliza. Maji yakiwa machafu, besi haoni mbali, anasikia. Acha midoli ya kijani na ile inayong'aa kama dagaa. Hiyo ni ya kiangazi, maji yakiwa safi. Chukua mnyoo mweusi wa mpira, ule mnene. Ndoano uifiche ndani ya tumbo la mnyoo, ncha isitokeze, ndipo hutanasa kwenye visiki. Urushe karibu kabisa na matete, karibu mpaka uogope kuupoteza. Uache uzame. Kisha uburute polepole, usimame, uburute tena. Wageni wote kosa lao ni haraka. Ukisikia uzi unagongwa kama mtu anayebisha mlango, shusha fimbo ya kuvulia, kunja uzi uliolegea, halafu vuta kwa nguvu zako zote.

Mnyoo ukikataliwa, chukua yule samaki wa plastiki mwenye kokoto tumboni. Anapiga kelele akivutwa. Mpitishe kando ya visiki, umgongeshe kwa makusudi. Mara nyingi besi humrukia pale pale anapogonga.

Kuhusu Titus, nilidhani mkono wa ndugu yake ungemfundisha. Huku ndani nimejifunza jambo moja. Wiki jana kijana mgeni alinyang'anywa ugali akanyamaza. Siku ya pili wakamnyang'anya blanketi. Siku ya tatu walimvunja mbavu. Usinyamaze. Usiende majini bila kitu mkononi.

Ni mimi baba yako,
Hezekiah

*

Matete,
15 Aprili 2024

Baba yangu,

Mulembe sana. Jino liling'olewa, na Daktari Kipkemboi mwenyewe ndiye aliyeling'oa, mdomo wake ukiwa bado umevimba. Wewe je, unalala?

Mnyoo mweusi, Baba! Nilifanya kama ulivyosema. Daktari alitaka kuvuta haraka haraka, nikamshika mkono nikamwambia, "Ngoja." Uzi ukabisha. Akavuta, na fimbo ikapinda mpaka ikagusa maji. Alitoka besi mwenye mdomo wa kumeza kikombe. Alikuwa anaruka anatikisa kichwa, na daktari alikuwa analia kama mtoto. Sasa ameleta marafiki zake.

Nami nimegundua kitu kingine. Asubuhi mapema, maji yakiwa yametulia, yule chura wa mpira anafanya kazi juu ya magugu. Wageni wakiona maji yanalipuka wanavuta hapo hapo, na chura anawarukia usoni. Mimi nasubiri mpaka nisikie uzito mkononi, ndipo navuta.

Titus alikuja Jumamosi. Safari hii nilikuwa na kafi, ile ya mvule. Mwenzake mmoja aliingia majini kuushika mtumbwi, nikampiga utosini. Alipoinua mkono nikampiga kwenye kiwiko, nikasikia mfupa. Titus alisimama ukingoni akapiga kelele niache. Sikuacha mara moja. Nilimpiga tena, na tena, mpaka wageni wakanishika.

Nakuambia ukweli, Baba: nililala usingizi mzuri siku hiyo.

Binti yako,
Jescah

*

Gerezani, Kakamega,
6 Mei 2024

Mama yangu,

Salamu. Nimefurahi kuhusu jino na kuhusu chura. Hilo la kusubiri uzito sikukufundisha, umeligundua mwenyewe.

Kuhusu kafi, nilisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwa sauti. Mara ya pili sikucheka.

Sasa besi wanataga. Utaona kwenye maji ya kina kifupi duara safi kama sahani kubwa. Hicho ni kiota. Jike akishataga anaenda zake, dume ndiye anayebaki kulinda. Hali chochote siku zote hizo. Lakini pitisha mdoli wowote juu ya kiota, hata ule mbovu kuliko yote, ataurukia. Sio kwa njaa. Anataka kuua. Ndiyo maana ni rahisi kumvua, na ndiyo maana mimi nilikuwa nawakataza wageni. Ukimtoa yule, samaki wadogo wanaingia na kumaliza watoto wake siku ile ile. Wapeleke wageni kwenye maji marefu, wamuache.

Kuna jambo sikutaka kukuambia. Wekesa, ndugu yake Titus, ameletwa hapa. Alichoma shamba la miwa la mtu. Amewekwa chumba chetu. Aliingia akiwa ameshika godoro kwa mkono ule mzima, na ule mwingine unaishia kwenye kifundo, kazi ya panga langu. Tuliangaliana. Analala ukuta wa pili. Nimenoa mpini wa kijiko. Nadhani naye amenoa chake.

Niombee.
Baba yako,
Hezekiah

*

Matete,
12 Juni 2024

Baba,

Sina salamu nyingi leo. Natumaini u hai.

Titus amemwaga sumu bwawani. Ni ile dawa ya kuua kupe, madebe mazima, pale kijito kinapoingilia. Nilifika asubuhi nikadhani ni majani meupe yameelea. Yalikuwa matumbo. Besi wote, Baba, wakubwa na wale madume uliosema tuwaache kwenye viota. Wengine walikuwa bado wanafungua midomo. Nilitembea ndani yao, maji yananifika magotini.

Watu waliwaokota Titus hajafika na magunia yake. Nilipiga kelele wasile. Wengine walinisikia. Yule ajuza, bibi wa Christine jirani yetu, hakusikia. Alikaanga, akala na obusuma, ugali wake, na jana amekufa huku anatapika damu. Ng'ombe wa kina Muhonja walikunywa pale wakaanguka njiani kurudi nyumbani.

Titus amekimbia, lakini atarudi kwa sababu hana pa kwenda. Nikimpata nitamuua. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye utakayenielewa.

Jescah

*

Gerezani, Kakamega,
19 Juni 2024

Jescah mwanangu,

Namwambia mwenzangu aandike, maana mikono yangu imefungwa bandeji. Namwomba askari aipeleke barua hii leo. Ikifika, isome umesimama, usingoje kukaa.

Usimguse Titus. Usimguse.

Siku ya Jumatatu nilikuwa zamu ya jikoni. Watu wawili, ambao sijawahi kuwakosea, walitaka kunipokonya kisu cha kukatia sukumawiki. Nilikataa. Wakanisukuma kwenye sufuria la uji unaochemka. Mikono yote iliingia mpaka kwenye viwiko. Mmoja alinikanyaga shingo ili uso nao uingie. Wapishi walikimbia. Aliyebaki ni Wekesa.

Alimpiga yule mtu kwa ukuni mpaka ukuni ukakatika. Kisha akanivuta nje kwa mkono wake mmoja, meno yameshika kola yangu. Nilipopata kusema nilimuuliza, "Kwa nini?"

Akasema, "Sijui, mzee. Usiniulize."

Sasa yeye ndiye anayenilisha. Ananipa tonge, ananifuta mdomo. Jana alinieleza kwamba Titus alilelewa na yeye, mama yao alipokufa. Alimbeba mgongoni akiwa anakata miwa. Aliniomba nikuandikie: Titus akamatwe, afungwe, aletwe hata humu ndani, yeye Wekesa atamrudi kwa fimbo mwenyewe. Ila asiuawe.

Nilimwahidi kwa jina lako. Nilimwambia binti yangu ananisikia.

Baba yako

*

Matete,
9 Julai 2024

Baba,

Mulembe. Pole kwa mikono. Mungu akuponye.

Barua yako ilinifikia jana. Titus alikufa Jumapili, tarehe ishirini na tatu Juni.

Alionekana sokoni mchana, watu wametoka kanisani. Yule bibi wa Christine alikuwa amezikwa siku iliyotangulia. Walimtoa kwenye bucha alikokuwa amejificha, wakamfunga kwa kamba, wakampigisha magoti barabarani. Mtu alikuja mbio kuniita. Nilipofika walisogea kunipisha. Mwanamke mmoja, sitamtaja, alisema, "Wacheni Jescah aanze. Huyu ndiye mwenye uchungu."

Titus aliniangalia. Shati lilikuwa limechanika, na nilimwona mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Akasema, "Jescah, mimi nilitaka samaki tu. Sikujua watu watakula kabla yangu. Waambie."

Ningeweza kuwaambia. Walikuwa wamenyamaza wote, wananingoja mimi. Ningesema "wacheni," nadhani wangeacha.

Niliokota jiwe. Halikunikaa vizuri mkononi, nikalitupa, nikaokota jingine. Lilimpata juu ya jicho. Alisema "uwii" kama mtoto aliyejikwaa. Baada ya hapo sikuhitajika tena, mawe yalitoka kila upande, lakini mimi nilirusha jingine, Baba, na jingine, mpaka akawa hana sura. Kisha walileta petroli. Hapo ndipo nilianza kupiga kelele waache, na hakuna aliyenisikia.

Polisi walikuja jioni wakachukua wanaume watatu. Hakuna aliyenitaja. Watu wananisalimia kwa heshima. Muhonja aliniletea ingokho, kuku mzima, amefungwa miguu. Nilimfungua akaenda zake.

Najua askari ataisoma barua hii kabla yako. Asome. Wale watatu wana watoto, na hakuna kati yao aliyeanza.

Kuhusu Wekesa nakuachia wewe. Wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja. Ukiona vyema mwambie. Ukiona vyema mfiche.

Binti yako,
Jescah

*

Gerezani, Kakamega,
20 Julai 2024

Mama yangu Jescah,

Salamu kutoka kwangu. Ngozi ya mikono imeanza kurudi, nyekundu kama ya mtoto mchanga, na hii naiandika mwenyewe ingawa herufi zinatetemeka. Sijui itakukuta wapi. Askari alinipa barua yako bila kuniangalia machoni, akasema wameshawapigia simu polisi wa Matete. Kama bado uko nyumbani, usikimbie. Kama wameshakuchukua, sema vile vile ulivyoniandikia, usiongeze, usipunguze.

Nimemwambia Wekesa.

Habari kwamba ndugu yake amekufa alikuwa nayo. Mgeni mmoja aliileta. Alichokuwa hajui ni wewe. Alikuwa ananiwekea maji ya kunawa. Nilimsimulia yote, mpaka petroli. Akauliza, "Ni yeye aliyeanza?" Nikasema ndiyo. Akaweka bakuli chini polepole, maji yasimwagike. Kisha akanirukia.

Alinikaba koo kwa mkono ule mmoja na kunigonga kichwa ukutani. Mtu wa mkono mmoja si vigumu kumshinda, na kijiko changu nilichonoa kilikuwa pale chini ya godoro. Sikuinua mkono. Nilimwona anavyolia huku ananikaba, na nikaona afadhali anikabe mimi. Wenzetu walimtoa nikiwa nimeanza kuona giza. Askari walipouliza nilisema nimeanguka. Waliangalia shingo yangu, wakaandika kwamba nimeanguka.

Siku kadhaa zilipita hatusemezani. Sikula vizuri, maana kijiko bado kinaniponyoka vidoleni. Juzi alikuja, akaketi, akachukua sahani yangu, akaanza kunilisha. Tulipomaliza aliniuliza umri wako. Nikamwambia.

Aligeuka akaangalia mlango. Kisha akasema, "Kumbe mtoto tu."

Sikumuuliza alikuwa anamsema nani kati yako na Titus.

Popote ulipo, mwanangu, kula chakula chako.

Ni mimi baba yako,
Hezekiah