Simu Iliyobaki Ukutani

Jumamosi, 2 Juni 1956

Nimefagia duka, nimejaza chupa za mafuta ya taa, nimepangusa simu. Naipangusa kila Jumamosi ingawa hakuna anayeishika. Saa kumi na moja jioni nikakaa juu ya gunia la chumvi, kama zamani.

Laini yetu tunagawana na misheni na shamba la Mzungu mmoja kule juu. Ikilia, inalia kwa wote watatu. Misheni ni milio mitatu mifupi. Shamba ni mmoja mrefu. Sisi ni miwili mirefu, mmoja mfupi. Leo imelia mara nyingi, yote ya shamba. Kila inapoanza nainuka kwenye gunia. Najua si yeye. Baba tulimzika mwezi uliopita, hapa hapa Kamukuywa, nyuma ya migomba. Najua. Miguu haijui.

Alikuwa karani wa ghala la mahindi Kitale. Alilala Tuwan, mtaa wa huko huko Kitale, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Simu aliiweka dukani ili ampe Mama bei ya mahindi kabla walanguzi hawajafika. Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu. Alipiga kila Jumamosi saa kumi na moja, na bei haikuchukua hata dakika. Kisha angesema, "Mpe Nekesa." Kisha, "Haya, soma." Nami nilimsomea kitabu chochote nilichoazima shuleni. Mbele za watu sauti yangu hufa. Kwenye simu haikufa. Mtu wa misheni alikuwa akitusikiliza. Tulimjua kwa kikohozi chake. Baba hakujali. Alikuwa akisema, "Rudia hapo."

Tulikuwa kwenye kitabu cha mtu anayetembea kutafuta mto unakoanzia. Ukurasa umekunjwa pale tulipoishia. Sijaufungua.

Jumanne, 5 Juni

Barua ya kampuni ya simu imefika. Baada ya matanga Mama alikwenda Bungoma kuwaomba waje kuiondoa, kwa kuwa duka peke yake haliwezi kuilipia kodi. Bungoma walimwambia ofisi kuu iko Kitale, lakini wakaandika ombi lake. Hili ndilo jibu.

Mkataba ni wa miaka mitano. Imepita mitatu. Anayevunja kabla ya muda analipa kodi ya miaka miwili iliyobaki, yote kwa pamoja, shilingi mia tatu na arobaini. Tena ombi lazima liletwe na mwenye mkataba, kwa sahihi yake mwenyewe. Tusipolipa hadi mwisho wa Julai, watakuja kuchukua vitu vya duka.

Nimeisoma kwa sauti, nikiigeuza kwa Kiswahili. Baba mdogo Wafula akauliza, "Ati sahihi yake mwenyewe? Sasa nimchimbue nimpe kalamu?"

Mama akamwambia anyamaze. Kisha nikamwona akitazama mizani, halafu cherehani. Bila mizani hakuna duka.

Mimi ndiye mwenye Kiingereza katika nyumba hii, basi mimi ndiye wa kujibu. Nimeandika kurasa mbili. Nimesema mwenye mkataba amekufa. Nimeambatisha karatasi ya hospitali, nimeikunja mara nne ili itoshe kwenye bahasha. Ni barua nzuri.

Sitaki ifaulu. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusema. Nataka mizani ibaki, na simu ibaki pia.

Alhamisi, 14 Juni

Wamejibu. Maneno yale yale, hata koma ziko mahali pale pale. Mwenye mkataba aje mwenyewe. Karatasi ya hospitali imerudi ikiwa imekunjwa kama nilivyoikunja mimi. Hakuna aliyeifungua.

Nimekasirika. Sijawahi kumkasirikia mtu nisiyemwona.

Jumamosi, 16 Juni

Miwili mirefu. Mmoja mfupi.

Nilikuwa juu ya gunia. Mama alikuwa anapima sukari, na sukari ikamwagika mezani. Hakuna aliyepiga mlio huo tangu Baba alipolazwa. Ukarudi tena. Mama akatikisa kichwa, sijui kunikataza au kunituma. Nikaenda. Nikaushika mkono wa simu kwa mikono miwili.

Sauti ya mwanamume. "Nani huko?"

Nikasema mimi.

"Tunapima laini. Haya, iko sawa." Akakata.

Nilibaki na kile kitu sikioni. Sijui nilitegemea nini. Najua nilichotegemea.

Baba mdogo aliposikia alifoka. "Mlio wetu wanaujua! Kupiga wanajua! Kumbe shida yao ni masikio?" Kisha akakaa ghafla, kama mtu aliyekumbuka mahali alipoacha panga.

Jumapili, 17 Juni

Baada ya kanisa Baba mdogo alituita. Hajalala, akifikiria. Anasema deni hilo halipo. Limekufa siku ya kunyoa.

Nakumbuka siku ile. Siku ya tatu baada ya mazishi tulinyolewa nywele sote, kisha Baba mdogo akasimama uani mbele ya watu, akatangaza. "Aliyemdai ndugu yangu aseme. Anayedaiwa naye aseme. Leo mdomo uko wazi; jua likizama umefungwa." Mama mmoja alitembea kutoka Sirisia kusema anadai debe mbili za mahindi. Hakuwa na karatasi. Alipewa mahindi yake pale pale. Mtu mwingine alirudisha pampu ya baiskeli huku akilia.

"Kampuni ilinyamaza," Baba mdogo alisema. "Sasa inafufuka na madai? Mwalimu, andika hivyo."

Ananiita mwalimu akitaka kitu. Nilimwambia haiandikiki. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Niliwaza Mzungu akisoma habari za nywele zetu na kucheka na wenzake. Nikasema kampuni ina sheria zake.

"Na sisi tuna nini?" akauliza. "Mila za kuku?"

Akasema basi twende Kitale wenyewe, yeye na mimi. Yeye ataleta maneno, mimi nitaleta Kiingereza. Nimemwomba Mungu mvua inyeshe barabara ikatike.

Jumamosi, 30 Juni

Mvua haikunyesha.

Tulipanda lori la mahindi alfajiri. Nimevaa sare ya shule kwa kuwa ndiyo nguo yangu nzuri. Ofisini kuna kaunta ndefu, na nyuma yake karani kutoka Sirisia, Bwana Simiyu. Alitusalimu kwa lugha ya nyumbani nikapata moyo kidogo. Baba mdogo akaanza habari zake za siku ya kunyoa, kwa sauti ya uani. Karani akatazama mlango wa mkubwa wake.

"Mzee, pore pore. Hapa tunapokea hera, si habari za matanga."

"Ulizaliwa wapi wewe? Kwenu mtu akifa hamnyoi?"

"Tunanyoa, mzee."

"Aliyenyamaza siku hiyo analipwa?"

Karani akakuna shingo. "Haripwi."

Mlango ukafunguliwa. Mzungu mzee, miwani juu ya paji la uso. Akauliza kelele ni za nini. Karani akamwambia ni akina simu ya Kamukuywa. Mzungu akanitazama sare, akaniambia niseme mimi, kwa Kiingereza.

Sauti ikafa. Nilifungua mdomo, ikatoka hewa. Baba mdogo akaniwekea mkono begani, mzito, akaninong'oneza, "Msomee. Kama ulivyokuwa unamsomea yule."

Nikatazama ukutani. Kulikuwa na simu pale, nyeusi kama yetu. Nikaisemea hiyo. Nikasema yote: nywele, ua, mdomo kuwa wazi na kufungwa, mama wa debe mbili.

Mzungu akauliza kwa nini kampuni haikuitwa. Nikamgeuzia Baba mdogo.

"Mwambie matanga hayana kadi," akasema. "Tena mwambie wao walikuwepo. Walikuwa wameketi ukutani kwetu muda wote. Watu wote walisema mbele yao."

Niligeuza neno kwa neno. Bwana Simiyu akainama ghafla kutafuta kitu chini ya kaunta, na mabega yake yakatikisika.

Mzungu hakucheka. Akauliza, wale waliokuja bila karatasi, tuliwalipa kweli? Nikasema ndiyo. Kwa nini? Nikasema, kwa sababu walikuja.

Alishusha miwani. Kisha akanyoosha mkono, nikampa karatasi ya hospitali. Akaifungua mikunjo yote minne. Akaisoma hadi chini. Akaiandika tarehe ya kifo kwenye faili yetu, na kusema ataleta jibu kwa barua. Hakuahidi chochote.

Kabla ya kupanda lori nilimwomba Baba mdogo tupite Tuwan. Mlango wa chumba cha Baba una pazia jipya, la maua. Ndani mtoto alikuwa akilia na mtu akimbembeleza. Tulisimama ng'ambo ya njia. Nilikuwa nimejitayarisha kuona chumba kitupu, si pazia. Nimeumia kuliko siku ya mazishi, na sielewi kwa nini.

Jumamosi, 7 Julai

Hakuna barua. Shamba, shamba, misheni, shamba. Sisi hakuna.

Baba mdogo amekuja kuangalia ng'ombe wa Baba, akimshika mbavu kama mnunuzi, labda tumuuze tulipe deni. Mama alitoka na kumtazama tu. Akamwacha ng'ombe.

Alhamisi, 12 Julai

Barua. Kwa haraka nikachana bahasha vibaya.

Ada ya kuvunja mkataba imefutwa. Kodi inahesabiwa hadi siku ya kifo tu, na hiyo Baba alikuwa amekwisha kuilipa. Mafundi watakuja Jumatatu kuchukua chombo.

Baba mdogo alinirusha juu kama mtoto, nami nina miaka kumi na sita. Alichinja jogoo. Anamwambia kila apitaye barabarani, "Huyu! Hamsikii akisalimia, lakini Kitale wamemsikia!" Mama alikwenda kushika mizani, akaitikisa kidogo, akairudisha.

Nimekula jogoo. Kisha nikaenda nyuma ya migomba, nikalia. Nimeshinda, na sikutaka kushinda. Nimemwambia Baba hivyo pia.

Jumatatu, 16 Julai

Kabla ya kwenda shule niliinua mkono wa simu. Mvumo tu, kama nyuki mbali. Halafu mtu akakohoa, yule wa misheni. Tulikaa hivyo kidogo, kisha nikaurudisha taratibu.

Niliporudi, hakuna simu. Mafundi waling'oa misumari na kukata waya. Mama anasema walikuwa na adabu, walikunywa chai. Ukutani pamebaki mraba mweupe kuliko ukuta wote, na matundu manne.

Jumamosi, 21 Julai

Nimefagia. Nimejaza chupa. Kitambaa nilikuwa nacho mkononi tayari, nikapangusa ule mraba.

Saa kumi na moja nilikaa juu ya gunia la chumvi. Duka kimya. Sikujua kwamba kimya cha simu kinatofautiana na kimya cha ukuta. Nikachukua kitabu, nikafungua ukurasa uliokunjwa, nikaanza kusoma kwa sauti. Mtu yule alikuwa amefika kwenye vilima, miguu imevimba.

Mama hajui kusoma. Jumamosi zote zile alikuwa pale pale kwenye mizani, akifunga sukari, wala hakuwahi kuniuliza nasoma nini. Leo aliweka kijiko chini.

"Anza nyuma kidogo," akasema. "Pale penye mto simu ilikwaruza. Baba yako hakusikia vizuri."

Nikageuza ukurasa, nikarudi mtoni.