Nomino Tulizowapigia Ndege

Kwako dada Subilaga, huko Karonga kwa mumeo,

Nimekukasirikia, na nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Ulinifundisha Kiingereza shambani Ngana, tukiamia ndege kwenye mpunga wa baba. Uliona kuwafukuza kwelea kwa "haa, haa" ni kupoteza kelele bure, ukaniamuru niwafukuze kwa nomino. Ulinirushia neno la Kiswahili kutoka tuta lako, nami niliita la Kiingereza mpaka kundi liruke. Nikisita, ulisema, "Gwe wewe, ndege hawaogopi mnong'ono."

Ulinieleza kwamba wema kwa ujumla, "kindness", hauhesabiki, ila jambo moja jema ulilotendewa ni "a kindness", na ukitendewa mawili unaongeza wingi. Lakini "advice" haina wingi, hata ukoo mzima ukikaa kukushauri kuhusu ndoa. Nilipouliza kwa nini wema uhesabike na ushauri usihesabike, ukasema waulizwe Waingereza wenyewe. Hilo si jibu, dada. Linaniudhi mpaka leo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mbele ya watu hukuniachia hata salamu. Pale sokoni Lyulilo, mama muuza vyungu aliponiuliza jina langu, ulijibu wewe. Wageni wakija nyumbani ulisema, "Huyu haongei," nao wakaacha kuniuliza. Kisha ukaolewa, ukavuka mto Songwe kwenda Malawi, nikabaki sina wa kunijibia.

Wiki iliyopita mkuu wa shule moja ndogo ya Ipinda, anayetafuta mwalimu msaidizi, aliniita nifundishe kipindi cha majaribio. Mada ilikuwa hizo hizo nomino dhahania. Nilizijua zote, ila watoto waliponitazama nilitamani uwepo unijibie. Nikafumba macho, nikaita "kindness" kwa sauti ya shambani. Darasa la jirani likanyamaza kimya. Mkuu akaja mbio mlangoni kuuliza kama kuna nyoka.

Niliona aibu, dada, hujui. Watoto walicheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuitikia kwa sauti ile ile. Nikawaambia kila mmoja ataje wema mmoja aliotendewa. Kuna aliyesema shangazi yake alimpa kichwa cha samaki mbasa, wenzake wakambishia kwamba kichwa si wema, ni mabaki. Wakabishana kwa Kiingereza kibovu mpaka kengele ikalia.

Jana mkuu alikuja nyumbani kusema nafasi ni yangu nikiitaka. Baba akachukua simu, kama kawaida yake.

"Ngoja kwanza tumwulize dada yake."

Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nikasema, "Baba, nitaanza Jumatatu."

Baba akaiweka simu mezani. Mkuu akanigeukia, akaanza kunieleza ratiba, mimi mwenyewe.

Basi usimpigie mkuu kumshukuru kwa niaba yangu. Nimeshamshukuru.

Mdogo wako anayekupenda, na aliyechoka kusemewa,
Atu