Kitanda cha Mama Ndani ya Gari la Mkate

S.L.P. 1173,
Eldoret.
22 Oktoba, 1985

Mpendwa ndugu yangu Mburu,

Pokea salamu kutoka kwetu hapa Pioneer. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Saskatoon bado haijaanza kukuuma masikio. Kile kifua kilipona? Mama ameuliza mara mbili nikiwa na kalamu mkononi, kwa hiyo ukijibu anza na hilo. Sisi tu wazima. Nyonga ya Mama ni ile ile. Mvua ilirudi baada ya mwaka ule wa njaa na mahindi ya manjano ya msaada, na ngano ya upande wa Moiben imesimama vizuri. Nakwambia kwa sababu ndiyo unayosomea.

Salamu zimekwisha. Nimekasirika, Mburu, na nitakueleza kwa nini, jambo baada ya jambo, kama ninavyoandika kazini. Ikiwa kuna mtu anayeifungua barua hii njiani kabla yako, asijisumbue. Ni mambo ya kitanda.

Barua uliyomwandikia Baba mdogo Kiarie tarehe 19 Septemba ninayo hapa mezani. Ni kurasa mbili. Unasema umesikia kwamba nimenunua gari na kuweka kitanda ndani yake, kwamba kila Jumamosi nalala kando ya barabara, kwamba watu wa kanisa wanaulizana, na kwamba mwanamke asiye na mume hawezi kutembea na kitanda nyuma yake bila kulichafua jina la marehemu Baba. Unamwomba Baba mdogo, kwa kuwa ndiye mzee aliyebaki, akitoe kitanda hicho, na gari lipewe kazi ya maana kama vile kubeba viazi.

Nimeandika habari kwa miaka kumi na minane. Kijana akiniletea habari kama hiyo, namwuliza aliyemwambia ni nani, na kama mhusika ameulizwa. Wewe hukuniuliza. Anwani yangu haijabadilika tangu uondoke.

Gari lenyewe ni Bedford kuukuu iliyokuwa ikisambaza mkate mjini. Wenye kiwanda walipopata magari mapya mwezi wa Januari waliliuza, nikalinunua mimi. Hata sasa jua likiwaka na milango imefungwa, ukifungua unanusa mkate.

Wazo la kuligeuza lilitoka kwako. Usishangae. Julai mwaka jana ulinitumia picha. Umesimama peku kando ya ziwa, kikombe mkononi, na nyuma yako gari la rafiki yako lenye mapazia na kitanda. Nyuma ya picha uliandika hivi: "Dada, nimelala humu siku mbili. Sijapata kulala vizuri hivi tangu nitoke nyumbani. Siku moja utengeneze letu." Nimenakili neno kwa neno. Unaweza kulala kando ya ziwa la watu ukaita raha. Mimi nikilala Kaptagat naitwa aibu.

Basi nililitengeneza. Nilimpelekea picha hiyo Kipyego, fundi seremala mwenye karakana hapa nyuma ya nyumba zetu, akaitazama hadi chai ikapoa, kisha akauliza kama huyo mwenye kikombe hana nyumba. Tulifanya kazi Jumapili tisa baada ya ibada. Madirisha mawili ya kusukuma tuliyatoa kwenye basi lililokufa. Kuta tulizijaza magunia makavu, juu yake mbao nyembamba, ili baridi isipenye. Tuliweka stovu ya mafuta ya taa, na mtungi wa maji wenye bomba. Kitanda kilikuwa cha mbao za mtarakwa, chenye bawaba, mchana kinakunjwa kuwa benchi.

Sasa sikiliza urefu wa kitanda hicho. Futi tano na inchi mbili. Mimi ni futi tano na inchi saba. Mwanamke anayejitengenezea kitanda cha aibu angalau angekipima kwa miguu yake.

Kilipimwa kwa Mama. Hawezi kukaa kwenye kiti cha gari zaidi ya nusu saa, nyonga inakufa ganzi kisha inawaka. Kwa hiyo alikuwa hajamwona dada yake kwa miaka sita. Mama mkubwa Virginia yuko Elburgon, si Ulaya, lakini kwa Mama ilikuwa kama Ulaya. Akilala chali, anaweza kusafiri siku nzima. Hayo yote nilikuandikia tarehe 11 Machi, aya ya nne. Nakala ya kaboni ninayo. Naomba uitafute ile barua, uisome mara ya pili, au mara ya kwanza.

Ni kweli nililala nje. Nililijaribu gari mara nne kabla ya kumpakia Mama: Kaptagat, Kamariny, Cherangani, na chini bondeni Kerio ambako breki zilinuka. Kila mara nilikuwa na Jepkosgei, yule mwalimu jirani yetu, ambaye alikuwa akilala kwenye kitanda kwa kuwa ndiye mfupi. Nilikuwa nalala sakafuni. Tulipika, tukatembea, tukarudi Jumapili kabla ya ibada ya pili. Sijawahi kuwa na Jumamosi nzuri kama zile, na sitamwomba mtu yeyote radhi kwa ajili yake.

Safari ya Mama tuliipanga iwe Jumamosi tarehe 12 mwezi huu. Mama mkubwa alipelekewa habari, akatenga kondoo.

Jumanne ya wiki hiyo nilitumwa Kitale kuandika habari za mahindi. Alhamisi, nikiwa huko, Baba mdogo alifika kutoka Burnt Forest na wapagazi wawili na barua yako. Alimsomea Mama sebuleni. Unajua jinsi barua yako inavyosomwa katika nyumba hii. Redio inazimwa. Alipomaliza, aliomba ufunguo wa gari, na Mama akampa.

Bawaba zilikuwa zimeshika, hawakuweza kuzifungua, kwa hiyo walikikata kitanda kwa msumeno, vipande vitatu. Bomba la maji lilivunjika. Mbao waliziegemeza milangoni kuzuia viazi visimwagike, na mapazia aliyoyashona Mama kwa mkono wake wakayatumia kufunika magunia. Walipakia magunia kumi na mawili ya jirani yake Burnt Forest, wakayaleta sokoni hapa Eldoret, wakaliacha gari uani.

Nilirudi Ijumaa jioni. Sikupiga kelele. Nilichukua futi nikapima kilichobaki, nikaandika kwenye daftari, kisha nikamwuliza Mama kwa nini hakusema kitanda ni chake. Alisema kwamba wewe ulikuwa umeshaandika, na angesema ni chake, ingeonekana yeye ndiye anayemharibu binti yake. Hapo ndipo hasira iliponishika hasa. Sikujali mbao. Kurasa zako mbili zilimfanya mama yetu aone haya kwa sababu ya kitanda cha nyonga yake.

Mimi nina kosa moja nalo nalikiri. Niliandika Kanada nikidhani wewe ukijua, nyumba nzima imejua, na Baba mdogo ambaye yuko mwendo wa saa moja sikumwambia.

Jumamosi saa mbili asubuhi Baba mdogo akarudi na wapagazi wake kuchukua gari kwa mzigo wa pili. Nilikuwa jikoni. Nilipotoka, milango ya nyuma ilikuwa wazi, nao watatu wamesimama wakitazama ndani. Mama alikuwa amelala humo, juu ya sakafu yenye udongo wa viazi, kwenye godoro lake. Sijui aliliburutaje. Alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani na mkoba uko kifuani.

"Shemeji, toka," Baba mdogo akamwambia. "Tuna kazi."

"Pakia, Kiarie."

"Nitapakiaje na wewe uko hapo?"

"Kama ulivyopakia juzi. Si barua inasema gari ni la viazi? Basi mimi ni gunia la kwanza. Hayo mengine uyapange juu."

Mpagazi mmoja alicheka, akaona mwenzake hacheki, akanyamaza. Baba mdogo alinitazama kana kwamba ni mimi niliyemfundisha. Nilimwambia kile kitanda kilikuwa cha nani, na kilikuwa cha kwenda wapi. Alivua kofia. Alisema hakuambiwa. Nikamjibu kwamba hakuuliza, na kwamba ugonjwa huo uko katika ukoo. Akaweka ufunguo juu ya boneti, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Kwa hiyo tulikwenda siku ile ile, bila kitanda. Nilikunja magunia matupu ya Baba mdogo chini ya godoro, nikamfunga Mama kwa shuka asiteleze. Baba mdogo hakuwa na njia nyingine ya kurudi kwake, na wapagazi wake walikuwa wamejaza kiti cha mbele, kwa hiyo alipanda nyuma, akakaa juu ya mtungi wa maji kando ya shemeji yake hadi Burnt Forest. Njiani Mama alimwagiza asukume dirisha, naye akasukuma. Alipoteremka langoni kwake alisema nimsalimie Virginia.

Timboroa kulikuwa na kizuizi. Askari aliuliza ninabeba nini, nikamwambia mama yangu. Alifungua mlango, akamwona amelala chali na kitambaa cheupe, akavua kofia akaniambia pole sana. Mama akainua mkono akamsalimia. Yule kijana aliruka hatua mbili nyuma. Mama alicheka hadi Mau Summit, na mimi nilicheka pia, ingawa bado nilikuwa na hasira nawe.

Mama mkubwa alikuwa ametandika kitanda kizuri ndani ya nyumba. Mama alikikataa. Mama mkubwa akaona haiwezekani mgeni alale nje peke yake, akachukua blanketi lake akamfuata. Wazee wawili, mmoja miaka sabini na mmoja sabini na minne, walilala ndani ya gari la mkate usiku mbili mfululizo, mimi nikalala kwenye kitanda kizuri.

Kipyego anatengeneza kitanda kingine, mara hii kwa chuma, futi tano na inchi mbili. Baba mdogo alituma madebe mawili ya viazi. Sijamsamehe sawasawa, lakini viazi tumekula.

Kutoka kwako sitaki pole. Ninataka umwandikie Mama barua yake mwenyewe, kwa jina lake, si kupitia kwa mzee yeyote. Nitamsomea yote bila kuruka neno, hata pale utakapojitetea. Na picha yako nakurudishia, imo ndani ya bahasha hii. Itazame, kisha ugeuze usome nyuma.

Jepkosgei anakusalimu. Mama mkubwa Virginia anakusalimu na kusema alikubeba mgongoni. Kipyego, ambaye hamjaonana, anauliza kama huyo mwenye kikombe amepata nyumba. Mungu akulinde katika masomo hayo, akurudishe kwetu ukiwa na afya na masikio yanayosikia.

Nilimwuliza Mama ana neno gani kwako. Nilidhani atakulaumu, nikaweka kalamu tayari. Alisema hivi tu: "Mwambie na mimi nimelala vizuri."

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ambaye hasira yangu haijaisha,

Warigia