Kioo Hakipoi Chenyewe

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Uniwie radhi kwa kimya kirefu. Baba yako amelazwa tena, na safari hii madaktari wananong'ona. Unauliza kama hasira yake juu yako itapoa yenyewe.

Enzi za Ujamaa, kiwandani Kurasini, tulikuwa tukivitoa vioo tanuruni vikining'inia kwenye vibano na kuvikimbiza hadi kwenye feni, vipozwe ghafla pande zote mbili kwa pamoja, ili viwe imara. Siku moja feni za upande mmoja zilizimika, kioo kikiwa katikati.

"Kiache, bwana, kitapoa chenyewe!" akacheka Salumu, rafiki yangu.

Kilimpasukia usoni. Tangu hapo nilikuwa nikimshika mkono kwenda msikitini.

Kesho nitazungumza na baba yako wodini. Nawe mwandikie leo hii. Akishaamua kukupokea au kukukataa, nitakuandikia.

Babu yako